Mahali Neno Linapokanyaga

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza hapa duniani. Nasema hivyo bila kuogopa, na watu wa Mbulu wanaonijua watakwambia ni kweli. Nilianzia kijijini Tlawi na darasa la saba na shati moja. Nikaanza kubeba vitunguu swaumu kwa punda hadi sokoni, leo nina malori mawili, ghala la matofali ya kuchoma, na nyumba ambayo watumishi wanaohamishiwa huku huja kuuliza kama kuna chumba cha kupanga. Nimeona mvua ya mawe ikilaza shamba zima asubuhi moja. Nimetapeliwa Arusha, nikatapeliwa tena mpakani, nikarudi nikaanza upya bila kumlilia mtu. Kwa hiyo nikisema lipo jambo lililoniangusha chini, ujue silisemi kwa kupenda.

Jambo lenyewe linamhusu binti yangu wa nne.

Alianza kigugumizi akiwa na miaka minne. Neno lilikuwa linafika mdomoni linagoma. Shingo inakaza, macho yanafumba, mguu unachimba chini, na sisi wote tunakaa tunamwangalia kama watu wanaongoja gari lililozama kwenye matope. Watoto wa jirani walimwita pikipiki. Akikwama tu, wanapiga kelele: "Piga kiki! Kiki haijashika, piga tena!" Mama yake aliwafukuza kwa mwiko. Mimi nilikuwa na dawa yangu, nilikuwa namalizia. Akianza "ma... ma... ma...", mimi nasema "maji," nampa maji, kazi imekwisha. Niliona nafanya wema. Nilikuwa mtu wa haraka, na haraka ndiyo iliyonipa malori.

Nilimpeleka hospitali, nikampeleka kwenye maombi, nikampeleka hata kwa mzee mmoja wa dawa ambaye sitaki kumzungumzia. Mwisho nikapata wazo ambalo niliona ni la akili sana. Nilisema, kama mdomo wake unagoma kwa Kiiraqw na kwa Kiswahili, labda kwa Kiingereza utafunguka, maana huko hana mazoea ya kukwama. Nikamwingiza shule ya binafsi pale mjini Mbulu, ya Kiingereza mwanzo mwisho. Nilitoa mabati ya madarasa mawili, na mwaka uliofuata wazazi wakanichagua mwenyekiti wa kamati. Darasa la saba mimi, nikiongoza wahasibu na matabibu. Nilivaa koti hata siku za jua.

Binti yangu alipofika darasa la sita akaja mwalimu mpya wa Kiingereza, dada mdogo kutoka Tanga, Mwislamu. Baridi ya Mbulu ilimtesa. Alivaa masweta mawili na juu yake kitenge, na bado alikuwa anafundisha huku amefumbata mikono kwapani. Ila mikono hiyo ikitoka kwapani ilikuwa inapiga. Alipiga meza, alipiga ubao, alipiga paja. Darasa zima lilipiga naye. Ukipita barabarani ulisikia kishindo kama watu wanapura maharage.

Binti yangu akaja na mambo hayo nyumbani. Siku moja alinikuta ghalani nimeshika kibali cha kusafirisha mazao, ile karatasi ya kuonyesha kwenye mageti. Akasimama pembeni yangu, akagonga meza kwa kidole.

"Baba, hilo neno la juu hapo lina mahali pawili pa kukanyaga."

"Neno gani?"

"Hili, permit. Likiwa kitu, kama hiyo karatasi, linakanyaga mbele. PEmit." Akagonga. "Likiwa kazi, mtu anapokuruhusu, linakanyaga nyuma. PaMIT." Akagonga tena. "Na zawadi hivyohivyo. Zawadi yenyewe ni PREzent, kumkabidhi mtu ni priZENT. Herufi ni zilezile. Uzito tu ndio umehama."

Nikacheka. "Mwanangu, hilo neno nimelisema miaka ishirini kwenye mageti yote hadi Arusha, na hakuna askari aliyenirudisha kwa sababu nimekanyaga vibaya."

Akaondoka. Mimi nikarudi kwenye magunia yangu. Unaelewa kilichotokea pale? Mtoto aliyekuwa hawezi kuomba maji alikuwa ameniambia maneno yote yale bila kukwama hata mara moja, na mimi nilichosikia ni neno la kwenye karatasi.

Baadaye ikaja Jumapili ya watoto kanisani. Binti yangu akapangiwa kusoma somo. Mama yake alijua, mimi sikuambiwa, nadhani waliogopa ningekataa. Nikamwona anapanda mbele na gauni lake la bluu, mtoto mwembamba. Akafungua kitabu. Akapiga paja pigo moja, kimya, halafu akasoma. Akapiga tena, akasoma. Kila mstari na pigo lake, na mguu wa kulia unakanyaga ubao wa altare kufuata maneno. Alisoma somo lote hadi mwisho. Lakini kishindo kile kwenye ubao kilisikika kanisa zima, na vijana wa nyuma wakaanza kucheka, halafu na watu wazima wakaziba midomo kwa leso.

Nje, mfanyabiashara mwenzangu mmoja, mtu ambaye nimemshinda bei misimu mingi na hajanisamehe, alinishika bega.

"Hongera mwenyekiti. Naona ada yote ile umenunua mcheza ngoma."

Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, maana mtu mkubwa hakasiriki hadharani. Lakini nilifika nyumbani sikula.

Mkutano wa wazazi ulikuwa wiki iliyofuata. Watoto waliimba wimbo wa kutukaribisha, wakatoka nje, wengine wakabaki madirishani wakichungulia. Nilipomaliza ajenda za choo na uji, nikamwambia yule mwalimu asimame. Akasimama.

"Mwalimu," nikasema, "hapa shuleni tumeajiri fundi seremala au mwalimu?"

Watu wakacheka.

"Mwalimu, mwenyekiti."

"Sasa hizi meza unazigonga za nini? Mimi nimenunua mabati juu, wewe unavunja mbao chini."

Alingoja kicheko kipite. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya pwani, maneno yamenyooka. "Mwenyekiti, Kiingereza kina maneno ambayo yakiwa jina mkazo unakaa mbele, na yakiwa kitendo mkazo unahamia nyuma. Kiswahili chetu hakina jambo hilo. Kwetu mkazo unakaa palepale, silabi ya pili kutoka mwisho, uwe Tanga, uwe Mbulu. Mtoto asipousikia ukihama mwilini, hawezi kuuhamisha mdomoni. Ndiyo maana tunapiga." Akaniangalia. "Na wapo watoto ambao kupiga huko kunawasaidia zaidi ya Kiingereza."

Alikuwa ananiambia mimi. Hakumtaja mtoto, alinistahi mbele za watu. Mimi heshima ile sikuiona.

"Sisi tumesoma bila ngoma na tumefika hapa tulipofika," nikasema. "Kuanzia kesho, hakuna kupiga. Mtoto atasema maneno kwa mdomo, kama watu."

Wazazi wakapiga makofi. Ndipo nikasikia dirishani, "Ba... ba... ba..." Ni binti yangu. Ameshika nondo za dirisha, shingo imekaza, anataka kusema kitu kwa ajili ya mwalimu wake mbele ya wazazi wote wa shule. Mkono wake mmoja ulinyanyuka kupiga ukuta, ukasimama hewani, kwa sababu nilikuwa nimeshakataza. Kila mtu akageuka. Neno likakataa. Macho yale yote yalinichoma kuliko vicheko vya kanisani.

Nikasema, "Kaa chini."

Alikuwa nje, hana hata mahali pa kukaa. Akashuka tu kutoka dirishani.

Mkataba wa mwalimu uliisha mwisho wa mwaka, na kamati haikuuendeleza. Saini ya kwanza ni yangu. Nikasikia amepata kazi shule moja ya Basotu, kule Hanang, karibu na mashamba ya ngano. Nikasema, vizuri, kule kuna joto kidogo.

Binti yangu alinyamaza. Sisemi alipunguza kuongea, nasema alinyamaza. "Shikamoo" alinipa kwa kupiga goti na kuinamisha kichwa, bila sauti, na mimi nikaitikia marahaba kwa mtu ambaye hajasema kitu. Chakula aliomba kwa kunyoosha sahani. Shuleni walimu wakaanza kumruka, maana ukimwuliza unapoteza kipindi. Ilipita Januari, ikapita Pasaka, hadi mavuno ya maharage. Mimi mtu ninayeongea na madalali kumi kwa siku, nilikuwa nakaa mezani na mtoto mmoja nikakosa la kumwambia.

Siku moja mchana nilirudi Tlawi mapema kuliko kawaida. Nikaacha gari barabarani kwa sababu ya tope, nikaja kwa miguu kwa nyuma ya nyumba. Mama yake na yeye walikuwa wanapura maharage kwenye turubai, kila mmoja na fimbo yake, wakipokezana. Pigo la mama, pigo la mtoto. Na katikati ya mapigo nikasikia sauti.

"Mwalimu alisema (pa!) nikija Basotu (pa!) atanionyesha ziwa (pa!) na ndege wake (pa!)."

Mama yake akauliza, "Kwani ni mbali na shule?"

"Siyo mbali (pa!), unaliona (pa!) ukisimama mlangoni."

Nilisimama nyuma ya mgomba nikasikiliza. Nadhani nilisimama muda mrefu. Alikuwa anasimulia, anatania, anamwiga mwalimu na lafudhi yake ya Tanga. Alikuwa na maneno mengi kweli. Halafu nikatoka, nikasema, "Hamjambo." Fimbo yake ikasimama juu. Na sauti ikakatika palepale, kama redio iliyochomolewa waya.

Mama yake hakunyanyua macho. "Miezi mingapi hii," akasema. "Anaongea kila siku. Wewe ulikuwa unahesabu magunia."

Kwetu ukimkosea mtu kosa la hadharani huendi kwake mikono mitupu. Kondoo ndiye anayetangulia. Siyo mbuzi, siyo ng'ombe, ni kondoo, kwa sababu ni mnyama wa amani. Jumamosi alfajiri nikachagua dume mnene kuliko wote zizini, nikamchinja mwenyewe, sikumwachia mtu kisu, maana kosa lilikuwa langu. Nikapanga nyama kwenye ndoo mbili safi, nikafunika na majani ya mgomba, nikampakia na binti yangu. Tukapita Dongobesh, tukapita Haydom, tukateremka hadi Basotu. Njia nzima yeye anaangalia dirishani, mimi naangalia barabara.

Mwalimu alikuwa anakaa nyumba ya walimu, anafua nje. Alipotuona akapangusa mikono, akaja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu." Sikungoja kukaribishwa. Nikamwambia binti akae garini kwanza, nikatua ndoo mlangoni. "Nimekuja kwa neno zito. Nimekuletea kondoo."

Akaangalia ndoo. "Mashallah. Amechinja nani, baba?"

"Mimi mwenyewe! Kwa mkono wangu huu," nikasema kwa fahari, nikaunyoosha.

Mwalimu akauma mdomo. Jirani yake, mama mmoja mnene aliyekuwa anaanika perege kwenye chanja, akaangua kicheko hadi akashika nguzo.

"Mzee wewe! Umemchinjia Mwislamu kwa mkono wako wa kanisani? Sasa hiyo radhi au adhabu?"

Nakwambia, mimi nimefanya biashara na Waislamu wa Kondoa na Arusha tangu ujana. Sikukuu zao nawapelekea mbuzi mzima, anatembea kwa miguu yake, wachinje wenyewe. Hilo ninalijua kama ninavyojua bei ya leo. Lakini kwa mwalimu huyu sikulikumbuka, alfajiri yote na njia yote. Ili ukumbuke ungetakiwa kwanza umfikirie yeye mwenyewe, ana kwao, ana dini yake, ana sahani yake. Mimi nilikuwa nimefikiria kondoo wangu.

"Nyama isipotee," mwalimu akasema taratibu. "Mama hapa na walimu wengine watakula. Nia nimeipokea, baba." Halafu akatazama gari. "Yule si mwanafunzi wangu?"

Binti yangu alikuwa ameshashuka. Walikumbatiana muda mrefu, na jirani akabeba ndoo, akatuachia kibaraza.

Nikaomba radhi. Sitaiandika yote hapa, ni fupi na haikuwa nzuri. Mwalimu alisikiliza, akauliza, "Baba, unajua anakwama wapi?"

"Kila mahali."

"Hapana. Maneno yanayokanyaga mbele ndiyo yanayomkamata zaidi. Yanayokanyaga nyuma anayaingia polepole, kama mtu anayepita mlango uliofunguliwa nusu. Kwenye yale ya jozi, neno moja lenye uzito mara mbele mara nyuma, hapo ndipo alipoisikia tofauti. Aliigundua yeye, siyo mimi. Basi akitaka kusema la mbele, anapiga kwanza pigo tupu, lisilo na neno, na neno linafuata nyuma ya pigo." Akavuta stuli katikati yetu. "Hebu jaribu wewe. Permit. Ile karatasi yako."

"Pemiti," nikasema.

"Sasa kitendo."

"Pemiti."

"Umekanyaga palepale. Ya kwanza mbele, baba. Piga."

Nikapiga stuli. Mkono ukaenda, mdomo ukabaki. "PeMIti." Tena. "PeMIti." Nikaongeza nguvu, kama vile neno ni gunia. Nilihisi ulimi wangu umefungwa pale katikati kwa kamba ya miaka hamsini. Jasho likatoka. Nikafungua mdomo mara ya nne, na sikujua nianze na nini, na hakikutoka kitu. Mimi. Mdomo wazi, mkono juu ya stuli, mwanamke wa miaka ishirini na kitu ananisubiri.

Nikamwangalia binti yangu. Nilijua analijua neno. Angeweza kunimalizia, kama nilivyommalizia yeye miaka minane. Hakunimalizia. Alikaa akiniangalia, hana haraka, hacheki, mikono magotini. Alinipa muda wote niliouhitaji. Hakuna mtu aliyewahi kunisubiri vile, na mimi sikuwahi kumsubiri mtu vile.

Halafu akapiga goti lake pigo moja, na akasema, kwa sauti ambayo hakuwa amenipa mimi tangu dirisha lile, "U... usikimbie, baba. Pigo kwanza."

Nikapiga. Nikangoja. Nikasema, "PEmit." Haikuwa safi, lakini ilikuwa imekanyaga mbele. Mwalimu akapiga makofi. Mimi nikainuka, nikaenda kusimama kwenye kona ya nyumba nikilitazama ziwa, kwa sababu sikutaka wanione uso.

Niliporudi nikafanya kile ninachojua kufanya. Nikamwambia mwalimu arudi Mbulu, nitamlipa mara mbili ya anachopata pale.

"Hapana, baba. Hapa nimesaini, na watoto wa hapa wananihitaji. Na pale kwenu nilisimamishwa mbele za watu. Hilo huwezi kulilipa."

"Basi taja."

"Halina bei. Kama unataka, simama palepale ulipoliharibu, useme."

"Nitasema," nikajibu. Lakini bado sikuwa nimepata nililolifuata. "Na huyu?"

Mwalimu akasogeza stuli pembeni. Akamwangalia binti. Ilichukua muda. Kuku walipita kibarazani, jirani akamwita mtu kwa mbali. Nami nikangoja, mara ya kwanza katika maisha yangu, hadi neno likafika lenyewe.

"Baba, ni... nibaki. Hapa wana bweni."

Miaka kumi na miwili tu. Mama yake angenila nyama. Mimi nilitaka kusema hapana, nina nyumba kubwa, nina gari la kukupeleka shule. Lakini alikuwa ameomba kwa mdomo wake mwenyewe, na ningemkatalia angenyamaza tena, safari hii kwa haki. Nikamkubalia.

Mkutano uliofuata wa wazazi nilisimama palepale. Nikawaambia mwalimu yule alikuwa sahihi na mimi nilikuwa mpumbavu, na kwamba nilimwambia mtoto wangu akae chini wakati alikuwa amesimama kumtetea mtu. Hakuna aliyecheka, hata yule mfanyabiashara ninayemshinda bei, ambaye naye ana mtoto pale. Nikaweka barua ya kujiuzulu uenyekiti mezani, nikaenda nyumbani kwa miguu.

Mama yake alilia siku mbili, halafu akaanza kushona majina kwenye sare. Nyumba yetu ya Tlawi sasa jioni ni kimya cha aina nyingine. Siku za kutembelea tunakwenda Basotu. Bado anakwama, nisikudanganye, na yako maneno ambayo sidhani kama yatamwachia. Tukikaa naye kibarazani namwuliza habari, halafu nafunga mdomo wangu. Wakati mwingine anafika haraka. Wakati mwingine naangalia vivuli vikihama kabla hajafika. Fimbo yake ya maharage iko nyumbani Tlawi, ukutani, na mama yake hataki mtu mwingine aishike.

Mhasibu wa shule ya Basotu alinipa stakabadhi moja moja, nami nikajumlisha mwenyewe kwa kalamu, bila simu. Ada na bweni la mwaka, sare na sweta, godoro na blanketi, sanduku la bati, na juu yake mafuta ya gari ya kumpeleka na kurudi nikiwa peke yangu: shilingi milioni moja, laki nane, arobaini na saba elfu na mia tano. Hayo ndiyo yaliyokuwa na bei; mengine hayana stakabadhi.